Manyoya ya Kuokota

Mama yangu mdogo wa Kanyangi hakujua kuchora hata yai. Yeye alibandika. Juu ya gunia la mkonge aliloliosha na kulinyoosha, alipanga mchanga wa mto wa rangi tatu, mbegu, magome yaliyojibandua yenyewe na manyoya, vyote akavishikisha kwa utomvu wa mgunga. Ukirudi nyuma hatua tano, kanga wa porini anakutazama, tayari kukimbia.

Sheria yake ilikuwa moja. "Mungu akidondosha, mimi naokota." Si kwamba alikuwa mwenye huruma kupita kiasi. Krismasi alichinja jogoo bila kusitasita, na firigisi hakumgawia mtu. "Kula ni kula," aliniambia. "Lakini kuua ndege kwa sababu ya ukuta wa mtu?"

Mimi nilikuwa na kibanda katika soko la Kabati na ndimi niliyemuuzia picha zake. Nilihesabu kila kitu mara mbili, hata waumini kanisani. Picha moja ya kanga ilimeza manyoya sabini. Kanga walikuja kila alfajiri kudonoa nyuma ya jiko lake, na wakiondoka aliokota manyoya matano hivi. Basi picha moja ni wiki mbili, na kanga hapatani bei.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya themanini, mwenye duka wa Nairobi alitaka picha kumi na mbili kabla ya Krismasi. Tulikuwa Oktoba tayari. Nilimwambia "tutaona", neno ambalo kwetu wachuuzi maana yake nimeshakubali.

Ng'ambo ya korongo, karibu na kwa mama mdogo, jamaa wawili walitega kanga wa nyama. Manyoya waliyatupa. Kuna ubaya gani, nikajiuliza, ndege si ameshakufa? Tukapatana: kipande cha sabuni kwa kila mfuko. Nyumbani nilikata ncha za manyoya kwa mkasi, moja moja. Mtu asiye na hatia hakati ncha, lakini hilo sikulihesabu.

"Umeyatoa wapi yote haya?" mama mdogo aliuliza nilipomwaga mfuko wa kwanza.

"Nimeokota, mwaitu," nilijibu, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Kwa mikono mingapi?"

Nilicheka. Alinitazama kidogo, kisha akayapokea. Mimi ni mtoto wa dada yake, angeanzaje kunishuku?

Akamaliza picha nne. Mfuko wa mwisho niliupeleka kwa haraka, bila kuugusa kwa mkasi. Niliporudi nilimkuta mkekani, manyoya mafungu mawili mbele yake.

"Kuja hapa, wewe wa hesabu. Angalia shina." Unyoya uliodondoka, shina lake lilikuwa kavu na safi. Ule mwingine ulikuwa na kipande cha ngozi, na damu nyeusi kwenye ncha. "Huu umeng'olewa."

"Walikuwa wameshakufa, mwaitu. Niliyatoa kwa takataka za watu wa mitego."

"Siku ya kwanza ulikuta ndege wangapi wametundikwa kwa kamba?"

Ningesema sikuangalia, lakini ananijua. "Watatu."

"Na juzi?"

"Kumi na mmoja."

"Hao wanane ni wa nani?"

 

Alizilowesha zile picha nne kwa maji ya moto, akazibandua unyoya kwa unyoya, akazika yote nyuma ya jiko. Hakunigombeza. Alinipikia chai, akaniuliza habari za Kabati. Ile oda ilipotea, na oda nyingine zilikuja. Kanga ndio hawakurudi. Jamaa wale walikuwa wameshazoea sabuni. Walipokosa yangu wakatega zaidi wauze nyama. Mama mdogo aliendelea kutoka alfajiri na kiondo chake kidogo, na akarudi nacho kitupu, mpaka miguu ikakataa.

Aliniachia picha moja aliyoianza kabla ya mfuko wangu. Mbegu za shingo zipo, mgongo upo, bawa halijaisha. Ina manyoya hamsini na mawili. Nimeyahesabu mara mbili, yote ya kudondoka.

Nikifika Kanyangi sasa, kabla ya kusalimia watu nazunguka kwanza nyuma ya jiko, macho chini. Yanatakiwa kumi na manane. Sijapata hata moja.