Chupa Niliyomjazia Mzee

Nilikuwa na miezi minne tu Suneka nilipomjazia yule mzee chupa. Niliolewa kutoka Kendu Bay, kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mume wangu alinipa sheria moja kabla ya kuniachia funguo za duka: dawa ya kuogeshea ng'ombe isitoke ila ndani ya mkebe wenye kifuniko. "Hata mtu akilia," alisema.

Dawa hiyo tuliipima kutoka kwenye pipa. Ilikuwa nzito, rangi yake kama chai ya rangi.

Siku hiyo mume wangu alikuwa Kisumu kuleta bidhaa, na mvua haikuwa imekatika tangu alfajiri. Mzee aliingia amelowa chapachapa, ameshika mkebe ambao kutu ilikuwa imeutoboa chini. Alitoka ng'ambo ya mto, juu mlimani.

"Binti yangu, kupe wananimalizia ng'ombe," alisema. "Nikirudi kuchukua mkebe mwingine, leo sitashuka tena. Magoti haya hayatakubali."

Nilimwonea huruma. Nikachukua chupa tupu ya soda, nikaijaza dawa, nikaiziba kwa kigunzi cha mahindi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu anizidishie. Nilifurahi, sitakataa. Kwa saa nzima nilijiona mtu mwema.

Kisha akaja mwanamke kijana kununua soda nane. Duka lilikuwa limejaa watu waliokimbia mvua. Alikuwa na mafua, sauti imekwama puani, lakini mchangamfu.

"Leo wageni wanakuja kumwona wifi yangu," alisema. "Watu wa bwana harusi. Mzee wetu alipita hapa kuchukua dawa ya kupe. Ulimwona?"

Mikono yangu ikasimama juu ya kikapu chake. Niliziona soda nane mezani kwao, na kando yake ile chupa ya tisa. Nikafungua mdomo. Lakini shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa pale pale kaunta akipima sukari, na sheria ile aliijua kuliko mimi.

"Nilimwona," nikasema, basi.

Akajitwika kikapu akaenda zake.

Nilijituliza. Mzee ana akili zake. Dawa yenyewe inanuka. Nani atakunywa kitu kilichozibwa kwa kigunzi? Nikamhudumia mteja mwingine, na mwingine. Wa tatu aliniomba chumvi nikampa majani ya chai, naye akaniuliza kama naumwa. Hapo nikajitanda leso, nikamwambia shemeji nakuja sasa hivi, nikatoka mbio.

Mto ulikuwa umefura, maji mekundu yakipita juu ya magogo ya daraja. Nilivuka nikitambaa. Ng'ambo niliuliza boma lenye wageni, na kila mtu alilijua. Nilipanda kati ya migomba nikianguka na kuinuka, na kila nilipotega sikio nikitarajia kelele, palikuwa kimya. Kimya hicho kilinitisha zaidi.

Uani viti vilikuwa vimepangwa. Msichana aliyevaa gauni jipya alikuwa akivifuta maji. Nilijua mara moja kwamba ndiye aliyekuwa akiposwa.

"Baba yuko wapi?" nikamwambia. "Nipeleke kwa baba, haraka!"

Akanishika mkono, akanikimbiza jikoni kwa mwanamke mzee aliyekuwa akisonga ugali wa wimbi. Nikatikisa kichwa. "Baba! Nataka baba!" Msichana akazidi kumwonyesha yule mama, macho yamemtoka kwa hofu. Sikujua bado kwamba kwa Ekegusii, lugha ya huko, "baba" ni mama. Tulibishana hivyo, neno moja tu kati yetu, mpaka nilipoigiza mzee mwenye bakora, naye akapaza sauti: "Tata!" na kunyoosha kidole zizini.

Kabla sijageuka, tulisikia chupa ikivunjika nyuma ya ghala.

Mzee alikuwa ameiweka chini ya paa la ghala, mbali na ng'ombe na watoto. Mkaza mwana wake, yule mwenye mafua, aliikuta pale, akadhani ni soda iliyobaki tangu siku nyingine. Aliionja kwanza, kwa sababu hakutaka mgeni apewe kitu kilichoharibika. Alitema, lakini tone lilikuwa limeshuka. Tulimkuta amepiga magoti, na punde mikono yake ikaanza kutetemeka peke yake.

Wanaume walimlaza juu ya ngazi kama machela, wakambeba kumpeleka barabarani, atafutiwe gari la kwenda hospitali mjini. Mlangoni mwa boma wakapishana na wageni. Wageni walisimama, wakatazama, wakageuka na miavuli yao. Hawakurudi tena kumposa yule msichana. Walisema nyumba ile ina mkosi.

"Nani alitia dawa kwenye chupa ya soda?" mwana mkubwa aliuliza kwa hasira.

Mzee alinitazama. "Mimi," akasema. "Chupa niliiokota njiani."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sikusema neno.

Mkaza mwana alipona, ila mkono wa kulia haukutulia tena sawasawa. Nilimtembelea hospitalini na uji kwenye chupa ya chai. Aliunywa, kisha akasema taratibu, bila ukali: "Siku ile dukani ulitaka kuniambia kitu. Nilikuona."

Nililia pale kitandani pake. Juma lililofuata nilimweleza mume wangu yote, naye, bila kunigombeza, akanisindikiza mpaka kwenye boma lile. Niliwaambia wana wa mzee kwamba chupa ilikuwa yangu na mkono uliojaza ulikuwa wangu.

"Mama huyu ana moyo mzuri," mzee akawaambia. "Anataka kunibebea mzigo."

Nao wakamwamini yeye. Mwana mkubwa alinishukuru kwa heshima kubwa, akaniletea ndizi. Kwao baba yao alikuwa amezeeka akili. Walikwisha kumnyang'anya ng'ombe, wakawagawana, wakamkataza hata kushika kiberiti.

Niliendelea kwenda. Kila mara nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya zizi tupu, mjukuu akiwa amewekwa amchunge. Mara moja nilimwomba aseme ukweli, niondokewe na mzigo huu. Alifikiri kidogo.

"Wewe bado una miaka mingi ya kuishi na watu hawa," alisema. "Mimi sina."

Kisha akaniuliza kama samaki wa Kendu Bay bado ni wakubwa kama zamani, nikamwambia ndiyo, bado.