Shamba Linang'aa

Juzi nilimwona stendi ya Laela, mzee sasa, akitafuna hindi la kuchoma lililojaa punje pande zote. Hasira yangu ya utotoni ikanipanda upya.

Alikuwa bwana shamba wetu. Alasiri ile mama alimchinjia kuku, na harufu ya mchuzi ilitufuata hadi shambani. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, nyuki na nzi wakivuma juu yake.

"Majani yananata, bwana shamba," mama alisema. "Ingia uyatazame."

Yeye aliangalia viatu vyake, akabaki barabarani. "Mama, shamba linang'aa hivi, unataka nini tena?"

Kichwa kilinivimba kwa sifa. Nililamba jani, nikakuta ni tamu, nikaamini mahindi yetu yamejaa sukari hadi inamwagika. Leo najua nililamba kinyesi kinachong'aa cha wadudu mafuta, waliojazana chini ya majani na kwenye mbelewele wakinyonya. Angegeuza jani moja tu, angewaona. Aligeuza mapaja ya kuku, akapanda baiskeli yake.

Tulivuna mahindi yenye mapengo kama mdomo wangu, maana nilikuwa nang'oka meno. Meno yangu yaliota tena. Mama alilala njaa ili sisi tule.

Pale stendi nilimwamkia, kwa kuwa mama alinilea hivyo.

"Marahaba, mwanangu," alisema, mdomo umejaa. "Mahindi ya kwenu yanaendeleaje?"

"Yanang'aa," nilimjibu, nikapanda basi.