Nilimkanda Wifi Mguu, Sasa Jirani Ndiye Anaitwa Mchawi

Admin, jina langu nakuachia wewe peke yako, maana mawifi zangu wengi wanafuata ukurasa huu.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili, tunaishi Pongwe. Kazi yangu ni kukanda watu kwenye hoteli moja ya ufukweni upande wa Pangani. Nimejifunza masaji ya Kithai. Naomba niieleze kidogo, kwa sababu wengi mkisikia masaji mnawaza mengine. Mteja havui nguo wala hapakwi mafuta. Analala kwenye godoro sakafuni na nguo zake pana, nami namkandamiza kwa vidole gumba, viwiko, hata magoti, kisha navuta na kukunja viungo. Ni masaji ya nguvu. Ndiyo maana mwalimu wetu alitufundisha kuuliza kwanza kabla ya kumgusa mtu: ana mimba? Ana presha? Amewahi kupasuliwa? Mifupa ikoje? Na ukikuta mguu mmoja umevimba na una joto, usiuguse, mwambie aende hospitali.

Ukweni kazi hii hawaipendi. Aliyeichukia zaidi ni wifi yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea mume wangu mama yao alipofariki. Alishasema mbele yangu kwamba yeye hali chakula kilichopikwa na mikono inayoshika wanaume. Kwa hiyo miezi miwili iliyopita, alipokuja kutoka Dodoma kwa ajili ya harusi ya mpwa wao, nilijiandaa kwa maneno. Kumbe alishuka kwenye basi anachechemea. Asubuhi yake, mume wangu akiwa kazini, akaniita chumbani. Akasema mguu wa kushoto umechoka kwa kukaa safarini, hebu nimkande na yeye aone hicho ninachowafanyia wageni.

Jamani, nilifurahi. Miaka minane nilikuwa naitafuta siku hiyo. Nikamuuliza kama ana ugonjwa wowote, akasema, "Sina kitu, uchovu tu. Au hunikandi mpaka niwe mzungu?"

Nilipofika kwenye kigimbi nikakuta kina joto, kimejaa kuliko cha mguu wa pili. Mkono ukasita. Wallahi nilijua. Lakini nikawaza, nikimwambia siugusi atasema namringia, na hatanipa nafasi nyingine maisha yangu yote. Nikakandamiza polepole, halafu kwa nguvu kama alivyotaka. Alipoinuka akaniita mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo.

Mchana ule jirani yetu, nimwite Bi Mwana, alimletea mgeni bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki. Bi Mwana ni mjane, anafundisha watoto Kurani kwenye baraza yake, na wanangu walikuwa wanasoma kwake. Wifi alikula akamaliza. Kesho yake asubuhi akashikwa na kifua, pumzi haitoki, midomo inabadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akatuambia damu iliganda mguuni na kipande kimesafiri mpaka kwenye mapafu. Akauliza kama mguu ule uliumia au ulikandwa. Mume wangu akajibu hapana, katoka safari tu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikanyamaza.

Alhamdulillahi hakufa. Ila nyumbani shangazi wa mume wangu akaanza kusema mtu hawezi kula chakula cha jirani leo, kesho akabanwa na pumzi. Maneno yakatembea. Mume wangu akawatoa watoto kwa Bi Mwana, wazazi wengine wakafuata, wakabaki wanafunzi wanne kwenye baraza iliyokuwa inajaa. Siku moja akaja mlangoni kwetu. Mume wangu hakumkaribisha ndani. Hakugomba, alisema tu, "Nimewasomesha wanenu kwa mikono yangu hii. Nambieni nimekosa nini." Mimi nikainamia mchele niliokuwa nachagua.

Baadaye nilimrudia daktari peke yangu nikamweleza. Akasema damu ile ingeweza kusafiri hata bila kukandwa, lakini mguu wa namna ile haukandwi, na siku ile alipouliza nilipaswa kusema.

Wiki iliyopita nikaenda Pangani kwa mdogo wake wifi, ambako anajiuguza. Nikamwamkia wifi, nikakaa, nikamwambia yote. Nilitegemea anifukuze. Badala yake akasema mguu ule ulianza kumuuma kabla hajasafiri. Kule Dodoma alishaambiwa asisafiri, apimwe kwanza, naye akaficha ili asikose harusi.

"Wewe uliniuliza, mimi nikakudanganya," akasema. "Haya yaishe humu humu ndani."

Nikamtajia Bi Mwana. Akajibu kwamba watu watasahau. Akanionya nikifungua mdomo, mume wangu atamwona yeye muongo na mimi muuaji, na ndoa yangu itavunjika kwa kinywa changu mwenyewe. Nikaaga, nikarudi Pongwe. Kazini nimeomba ruhusa, kwa sababu kila nikigusa mguu wa mteja nasikia kama joto lile.

Jana nimesikia Bi Mwana anafungasha vitu, anarudi kwao Maramba. Gari linakuja kumchukua Jumamosi. Mume wangu kasema afadhali.

Ninampenda mume wangu, na ninajua dada yake kwake ndiye mama. Lakini mwanamke yule anaondoka na jina la mchawi kwa kosa la mikono yangu na uongo wa wifi. Nimweleze mume wangu hata wifi akinikataza? Au nianze kwa Bi Mwana mwenyewe, nimpigie magoti? Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Ila mniambie la kufanya kabla ya Jumamosi.