Chai ya Tarumbeta

Jumapili iliyopita hapa Ruiru nilimwona msichana wa bendi akiinamisha tarumbeta yake na kumwaga maji kwenye nyasi. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akanigeukia.

Bendi ya mtaa wetu, kule Kamenu, ilianzia nyuma ya nyumba ya guka, babu yangu. Yeye ndiye aliyepuliza tarumbeta kubwa kuliko zote. Alasiri moja, nikiwa mtoto mdogo, walipumzika kutoka mazoezini, na cucu, mkewe, akampitia kila mtu na birika, maana kwake hakuna mgeni aliyeondoka bila chai. Palinuka maziwa yaliyochemka na dawa ya kung'arisha shaba. Guka alibonyeza kitu kwenye tarumbeta, matone yakadondoka. Mimi nikaona machozi. Wote walikuwa wamepewa chai, tarumbeta tu ndiyo iliyokuwa imesahaulika.

Walipoenda kurudisha vikombe, nikaimiminia chai yangu yote, na sukari yake.

Wimbo ulipoanza, guka alivuta pumzi akapuliza. Ikatoka sauti ya uji unaochemka, kisha chai ikamrukia mpiga ngoma kifuani.

"Ngai! Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, guka. Cucu hakuipatia chai."

Nilingoja kuchapwa. Guka akamgeukia mkewe. "Mama Njeri, umesikia? Umemnyima mgeni."

Siku hizi najua yale maji ni pumzi tu, inayopoa ndani ya shaba. Lakini tangu siku ile cucu aliweka kikombe kimoja zaidi kando ya tarumbeta, na guka, bila hata kutabasamu, alikinywa kwa niaba yake.