Spika za Gari Lisilo na Paa

Mjomba wangu anaitwa Besi. Jina alilopewa na wazazi wake tunalijua mkewe, mimi, na labda watu wa benki. Wengine wote, kuanzia wauza vipuri mpaka walimu waliowafundisha wanawe, humwita Besi. Amekuwa akifunga redio na spika kwenye magari tangu enzi za kanda, na kabla ya hapo alikodisha muziki harusini, akisimama kutwa kucha kando ya maspika yaliyomzidi kimo. Jina lilianzia huko. Ukimwuliza, atakwambia alipewa kwa heshima. Mkewe anasema alipewa na majirani waliokosa usingizi.

Mimi ni mpwa wake, fundi wa viti. Nashona viti vya magari katika chumba kinachopakana na gereji yake, na mlango wa kati haujafungwa tangu nihamie. Kwa hiyo kila anachosikiliza yeye nakisikiliza na mimi, nitake nisitake.

Ana namna yake ya kumaliza kazi. Spika zikishakaa na waya zikishafichwa, anaingia kwenye kiti cha dereva, anafumba macho na kuweka wimbo mmoja wa zamani: mwanamke anaimba taratibu, magitaa mawili yanamfuata, na kwa mbali kuna kayamba. Sijawahi kumwona akitumia wimbo mwingine. Hamsikilizi mwanamke wala magitaa. Anasikiliza kayamba. "Besi kila mtu anaisikia, hata jirani," huniambia. "Kayamba ndiyo inayokwambia kama gari limekaa sawa." Akizisikia zile punje zikitembea ndani yake, anafumbua macho, anatoka, kazi imekwisha. Wakati huo haruhusiwi mtu yeyote kukaa naye garini, hata mwenye gari. Mwenye gari husubiri nje, mikono mfukoni, kama mtu aliyempeleka mgonjwa kwa daktari.

Mwaka jana kayamba ilianza kumkimbia. Kwanza alizilaumu spika. Zile ndogo za sauti nyembamba, ambazo sisi huziita twita, alianza kuziona feki. Akazifungua, akazirudisha dukani. Muuza spika, jamaa mmoja mwenye tumbo na maneno mengi, akaziunganisha palepale mbele yake, zikaimba vizuri tu.

"Besi, hizi nzima," akamwambia.

"Nzima kwako," mjomba akajibu, na akabadilishiwa kwa sababu ni mteja wa siku nyingi.

Hata hizo mpya alizirudisha. Safari iliyofuata muuza spika alinivuta pembeni akaniuliza kama mjomba wangu anamtafutia ugomvi. Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua.

Alipokosa spika za kulaumu, akaanza kupandisha sauti nyembamba kwenye amplifaya mpaka aisikie kayamba yake. Wateja waliondoka na magari ambayo mwimbaji akitamka tu neno lenye "s", unahisi mtu amekuchoma sindano sikioni. Walirudi kwa adabu, wakijikuna shingo. Besi aliwaambia masikio yao hayajazoea sauti safi. Wengine walikubali, maana aliyesema ni Besi. Wengine walikwenda kwa mafundi wengine na hatukuwaona tena.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yaleyale. Simu ililia mezani naye amekaa mbele yake, akashangaa kwa nini tunamtazama. Watu wa siku hizi wananong'ona, alisema. Watangazaji wa habari nao wananong'ona. Mkaza mjomba, ambaye hajui kuzungukazunguka, alimwambia wazi wakiwa mezani kwamba masikio yake yanakwisha na aende akapimwe. Mjomba alimaliza chakula chake, akanawa, akaomba televisheni iongezwe sauti.

Nilikuwa na hasira naye. Ilikuwa hasira ile ya kumwonea huruma mtu asiyetaka kuhurumiwa, na hiyo haina pa kutulia. Maana kazi hii ndiyo aliyo nayo, na kazi yenyewe ni sikio. Besi asiyesikia ni nani? Hilo lilituogopesha sote, na yeye zaidi yetu, ndiyo sababu hakutaka litajwe.

Basi gari lile likaja. Lilikuwa dogo, la watu wawili, rangi ya maziwa, la zamani kuliko mimi, na paa lake lilikuwa turubai la kukunja ambalo mwenyewe hakuwa na habari nalo. Aliingia nalo uani paa likiwa wazi, kichwani kafunga kitambaa kwa nguvu, miwani imejaa vumbi. Alikuwa mkunga mstaafu. Gari aliachiwa na kaka yake, ambaye alilitunza maisha yake yote na kumkataza hata kuliegemea.

"Sasa naliegemea nitakavyo," alisema akishuka.

Alitaka muziki, na alikuwa na masharti mawili. La kwanza, lisitobolewe tundu hata moja. La pili, asikie maneno. "Nimesikiliza kelele za watu tangu nikiwa binti," akamwambia mjomba. "Sasa nataka nisikie mtu akiimba, paa likiwa wazi, na nielewe anasema nini."

Besi alilizunguka gari lile polepole, mikono nyuma. Nilijua tayari ameshalipenda. "Mama, gari lenye paa ni chumba," alisema. "Hili ni uwanja. Sauti ikitoka tu, upepo umeshaichukua."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Hapo alimmaliza.

Milango ya magari ya aina ile ni myembamba, na hata kama si sharti la mkunga, asingeigusa. Aliamua kutengeneza sanduku la mbao la kukaa nyuma ya viti, juu kidogo, usawa wa mabega, ili sauti isiwe na safari ndefu mpaka sikioni. Spika mbili ndogo angezibana chini ya dashibodi kwa bolti zilizokuwapo tangu gari linatoka kiwandani. Waya zingepita kwenye tundu la zamani la bomba la joto. Mimi kazi yangu ilikuwa kulivika sanduku ngozi ya kufanana na viti, na ngozi ya viti hivyo ilikuwa imepauka kwa jua kiasi kwamba ilibidi niianike mpya juani mpaka ikubali.

Ugumu ulikuwa kwenye paa. Turubai likikunjwa, mbavu zake za chuma hulala palepale nyuma ya viti. Fundi asiye mwangalifu hupima paa likiwa limefungwa, anafurahia nafasi ile kubwa, na siku mteja anapofungua paa sanduku linapasuka. Besi alitengeneza kwanza sanduku la karatasi ngumu. Akakunja turubai, akakunjua, akakata pembe, akakunja tena. Mimi nilimwambia pembe ya kushoto bado inagusa. Akasema haigusi. Tukabishana mpaka nikaingiza kidole changu katikati kikabanwa, ndipo akakubali, huku akiniambia kidole changu ni kinene.

Siku ya kumaliza mkunga alifika mapema, akasimama ukutani. Mjomba aliingia garini, akafumba macho, akaweka wimbo wake. Nami nilisimama mlangoni na mkasi mkononi. Sauti ya yule mwanamke ilitoka nzuri sana, karibu, kama mtu aliyekaa kiti cha nyuma ambacho gari lile halina. Ingetosha kuishia hapo. Lakini mkono wa mjomba ulikuwa nyuma ya kiti, kwenye amplifaya, ukipandisha. Akasikiliza. Akapandisha tena. Kayamba ikawa mchanga unaomwagwa kwenye bati. Nikamwona mkunga akifunika sikio lake kwa kiganja.

"Imekaa," mjomba akasema na kufumbua macho. Alisema kwa sauti ya mtu anayekisia.

Mkunga hakubishana naye. Alikuja, akafungua mlango wa pili, akakaa kando yake bila kuomba. Akazima muziki. Kisha akapeleka mkono karibu na sikio la kushoto la mjomba, akasugua vidole viwili taratibu.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?"

Akahamia upande wa kulia.

"Hapo nasikia," mjomba akasema. "Kidogo."

Mkunga akarudisha mkono wake pajani. "Nilianza kazi chini ya mkunga mmoja mzoefu," alisema. "Siku moja aliweka sikio kwenye tumbo la mama kuutafuta moyo wa mtoto, akaukosa. Aligeuka akaniita. Nikasikiliza. Moyo ulikuwepo, unakwenda vizuri kabisa. Mtoto mzima. Ni yeye aliyekuwa hasikii."

Mjomba alitazama usukani. "Akaacha kazi?"

"Kwa nini aache? Alianza kuniita. Mimi nasikia, yeye anajua la kufanya. Nikimwambia moyo unakwenda hivi, ananiambia tufanye vile. Tulizalisha hivyo miaka na miaka. Akina mama walituona wawili, wakafikiri wamebahatika." Akamgeukia. "Masikio ukapimwe, fundi. Huenda yapo mengine ya kuokoa."

Nilimngoja akasirike. Ningependa akasirike, maana hasira yake naijua, inapita kabla chai haijapoa. Hakukasirika. Alichukua kitambaa akafuta usukani, akafuta na dashibodi ambayo haikuwa na kitu. Kisha akasema bila kunitazama, "Mpwa wangu, weka huo mkasi chini. Njoo ukae hapa."

Akatoka, akanishikia mlango. Nikakaa kwenye kiti cha dereva.

"Fumba macho. Usimsikilize mwanamke."

"Najua."

"Wala magitaa."

"Mjomba, najua."

Wimbo ukaanza. Alikuwa ameinama nyuma yangu na bisibisi ndogo, nikisikia pumzi zake. "Ikoje?" akauliza.

"Inachoma."

Akashusha. "Sasa?"

"Bado."

Akashusha tena, taratibu, na mimi nikaisikia kayamba ikirudi nyuma hatua kwa hatua, ikatoka masikioni mwangu, ikapita magitaa, mpaka ikawa mbali nyuma ya yule mwanamke, punje zikitembea kila moja na yake. "Hapo," nikasema.

Nilifumbua macho nikageuka. Alikuwa amesogeza sikio la kulia karibu kabisa na spika, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu.

"Ipo?" akaniuliza.

"Ipo, mjomba. Kila punje."

"Mimi sisikii kitu hapa," akasema.

Hakuigusa tena. Alibaki ameinama vilevile mpaka wimbo ukaisha, akisikiliza mahali nilipomwambia ipo, kisha akarudisha kifuniko cha amplifaya na kukaza skrubu zake moja moja. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Mkunga alijidai anafunga kitambaa chake upya.

Akaondoka na gari kwenda kulijaribu barabarani. Tulimsikia akipita nyuma ya majengo na wimbo ule ule, hatimaye akarudi, akasimama getini bila kuzima injini.

"Maneno yote nimeyasikia," akasema. "Kumbe huyu mwanamke anagombana na mumewe."

Mjomba akageukia upande wake. "Anagombana?"

"Tangu mwanzo mpaka mwisho. Kamfungia mlango, hataki hata kumwona."

"Miaka yote hii," mjomba akasema, "nilidhani anambembeleza." Akacheka, na sote tukacheka naye, hata baada ya mkunga kutupungia mkono na kuondoka zake.

Tulifagia. Yeye alikuwa amechuchumaa akiokota vipande vya waya, mimi nikisukuma vumbi la mbao kuelekea mlangoni.

"Kesho namalizia gari la yule mwenye duka la dawa," akasema. "Utakuwa na kazi nyingi asubuhi?"

Nilikuwa na viti vya gari zima ambavyo mwenyewe alikuwa akividai kwa simu kutwa. "Sina," nikasema, na nikaendelea kufagia.

Hakujibu. Nilipogeuka nilimwona amerudia kuokota waya, mabega yameshuka, na hakuwa na nia ya kuuliza mara ya pili. Ndipo nikakumbuka kwamba nilimjibu nikiwa nimempa mgongo. Nikaacha ufagio, nikazunguka upande wake wa kulia, nikachuchumaa.

"Nitakuja, mjomba," nikamwambia usoni. "Nitakaa nisikilize."

Akaitikia kwa kichwa. Akazungusha waya kidoleni, akaikunjua, akaizungusha tena.

"Basi uje kabla ya mwenye gari," akasema. Akafikiri kidogo. "Au hata akukute. Si kitu."