Upepo na Sikio la Kushoto

Upepo alikuwa fundi wa matairi. Jina hilo alipewa na wateja kwa ajili ya kazi yake, si mwendo wake, maana alitembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Alijaza matairi miaka mingi bila mkasa, mpaka tairi la lori lilipopasuka pembeni yake. Hakupata hata mchubuko, ila sikio la kushoto lilizima moja kwa moja. Daktari alimshauri aachane na kazi za makelele, lile la kulia lisije likamfuata mwenzake. Ushauri huo aliutoa akiwa amesimama upande wa kushoto, ikabidi aurudie.

Basi Upepo akakaa nyumbani. Shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye duka la fotokopi, alimletea kompyuta kuukuu yenye programu ya kutengeneza muziki.

"Cheza nayo, shemeji, upunguze mawazo."

Upepo hakuwa mtu wa kucheza. Aliiendea programu ile kama gurudumu, nati moja moja, akajifunza kupanga ngoma kwenye vijumba vya skrini: nzito hapa, nyepesi pale. Mdundo wake wa kwanza ulipokamilika, mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule chumba hicho hicho, alisimamisha cherehani.

"Unaonaje, mama watoto?"

"Kama watu wanahama," alisema, akarudi kwenye kola yake.

Aliusikia na wa pili.

"Bado wanahama. Ila sasa wamepata gari."

Upepo aliona hayo ni maendeleo. Akajiunga na darasa la prodyuza mmoja, kijana mpole aliyefundisha Jumamosi kwenye studio yake. Hapo alijifunza kwamba ngoma na besi zisigombanie nafasi moja, na kwamba sauti mbaya haiponi kwa kuongezwa. Yote yalimwingia, mpaka siku ya somo la kushoto na kulia.

"Wimbo ni kama sebule," mwalimu alieleza. "Mwimbaji katikati, gitaa kushoto, kinanda kulia."

Upepo akanyoosha mkono. "Mwalimu, kushoto mimi sina."

Mwalimu alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake. Alipoelezwa, alifikiri kidogo. "Basi, mzee wangu, wewe waweke wote katikati. Hautakuwa wimbo mbaya sana."

Hilo neno "sana" ndilo lililomkaa rohoni. Alifika nyumbani, chakula kikamshinda. Mwishowe akamvisha mkewe hedifoni.

"Mimi na muziki hatujuani," mkewe alimkumbusha.

"Muziki niachie mimi. Wewe niambie tu nani kakaa wapi."

Mkewe alisikiliza, pini mdomoni. "Wa gitaa kakaa mlangoni. Wa kinanda kanikalia mimi. Na huyu mama anayeimba, yuko bafuni?"

"Huo ni mwangwi."

"Mtoe bafuni."

Upepo akamtoa. Tangu siku hiyo wakafanya kazi hivyo, yeye akisogeza, mkewe akielekeza, mpaka akaja mteja wao wa kwanza wa kweli, dada muuza viatu mwenye sauti nzuri. Upepo alikuwa amelipenda gitaa la wimbo ule, akalipandisha.

"Huyo gitaa anaongea mwenzake akiongea," mkewe alisema.

"Hapo ndipo utamu ulipo."

"Haya."

Upepo akautuma wimbo alivyoupenda yeye. Kesho yake dada akapiga simu. Alishukuru sana, akausifu wimbo, kisha akauliza kwa adabu kama yeye mwenyewe yumo.

 Upepo akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Ulisema kweli," alimwambia mkewe.

"Nilisema nini?" Alikuwa anakumbuka vizuri kabisa. Alitaka tu kulisikia neno lile likitoka kinywani mwa mumewe.

Upepo akalitamka lote. Kisha wakaliteremsha gitaa pamoja. Wimbo ulirudi kwa mwenyewe, ukapigwa redioni, na baada ya hapo wateja hawakukatika. Ikabidi wahamie chumba cha nyuma ya duka la shemeji, na sare za shule zikabaki kazi ya asubuhi tu.

Wanamuziki walimzoea Upepo upesi. Mkewe walimwogopa. Juzi juzi mpiga ngoma mmoja alisimama nyuma ya viti vyao, akisisitiza kwamba ngoma yake ipandishwe, na bado, na bado. Upepo alikuwa anapandisha. Mkewe akavua hedifoni, akamgeukia taratibu.

"Kaka," alimwambia, "tumeshakusikia."

Mpiga ngoma akatafuta mahali pa kukaa, na Upepo akairudisha ngoma chini.