Walijua Mgongo wa Mwanangu Kabla Sijamzaa

Admin, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Kirumba, Mwanza, na mume wangu na binti yetu ambaye hatembei. Alizaliwa uti wa mgongo ukiwa wazi.

Mimba yake niliibeba miaka ya tisini, hospitali za binafsi ndiyo zinaanza kufunguliwa mjini. Moja ilileta mashine ya ultrasaundi, watu wakawa wanaenda kama wanaenda sinema. Mume wangu alinipeleka pamoja na mama yake. Nilipopimwa, daktari aliwaita wao ndani, mimi nikaambiwa nisubiri kwenye benchi. Sikushangaa. Kwetu mjamzito haambiwi jambo la kumshtua, wanaambiwa wakubwa. Walitoka wakasema, "Mtoto mzima, shukuru Mungu." Siku zilipokaribia nikapelekwa kwa mama mkwe, Nansio kisiwani, maana uzazi wa kwanza ni lazima ukweni. Mtoto akatoka na kidonda mgongoni. Mpaka tunapata meli ya kurudi Mwanza, kilishatunga usaha.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kututembelea. Tukiwa tunachambua dagaa akasema tu, "Yule daktari alituambia mgongo haujafunga, uzalie hospitali kubwa wamshone mapema. Mumeo akasema ukisikia, mimba itatoka. Na ile mashine ilikuwa ngeni, mwanangu, nani angeiamini?"

Nikaitikia, "Sawa, mama," nikaendelea kuchambua. Sijalia mpaka leo. Nilimuuliza mume wangu, akasema, "Niliogopa, mke wangu. Nikaona nikinyamaza litapita." Nikampakulia ugali, akala. Namtafutia hasira moyoni siioni. Huyu ndiye aliyembeba mtoto mgongoni kwenda na kurudi shule mpaka akamaliza la saba, na binti hana anayempenda kama baba yake.

Sasa binti yangu ana mimba. Keshokutwa anapimwa ultrasaundi. Nilimwambia nitamsindikiza, akacheka: "Wewe Mama utanililia tu pale. Naenda na Baba. Mimi naogopa kusikia, majibu atapokea yeye."

Ndugu zangu mnaosoma, nimwambie ukweli nimvunjie imani yake kwa baba yake, au ninyamaze majibu yapokelewe tena na mtu yule yule? Nisaidieni mawazo kabla ya keshokutwa.